Gonga Mara Moja, Maji Yaongezwe

Mkiniona nimesimama mlangoni mwa bafu la watu, nimefumba macho na pua nimeinua juu, msidhani uzee umenipanda kichwani. Nanusa tu. Harufu ya udongo mbichi maana yake maji yanapita nyuma ya vigae. Harufu ya gunia la zamani maana yake dirisha halifunguki, au mwenye nyumba amelizibia kabati. Nyinyi vijana mnaotoka chuo cha ufundi mnanionyesha picha kwenye simu, mabafu ya marumaru na taa za rangi, mnaniuliza, "Mzee Wanyonyi, hii tunaweza toa hapa Langas?" Tunaweza. Lakini njooni kwanza mnuse.

Kazi yangu ya miaka zaidi ya arobaini hapa Eldoret ilikuwa mabafu madogo. Futi sita kwa tano, futi tano kwa nne, moja lilikuwa dogo hata mwenyewe alilazimika kuamua kabla ya kuingia kama anataka kutazama mashariki au magharibi. Bafu kubwa halina kazi, hata fundi wa kubahatisha ataficha makosa yake mle. Dogo linakuanika. Ukikosea inchi moja, goti la mtu litakukumbuka kila asubuhi.

Nilifundishwa na Mistri Kartar, Kalasinga mmoja mfupi mwenye ndevu nyeupe na macho makali. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo aliyatumia kunigombeza. Siku aliyoniachia sakafu peke yangu ilikuwa nyumba ya shambani upande wa Kesses. Nilikuwa nimejifunza kutumia pima maji, na nikaipenda kuliko chakula. Nikailaza sakafu nzima mpaka lile povu la ndani ya kioo chake likatulia katikati kila nilipopima, kona kwa kona. Nikamwita Mistri aje aone maajabu.

Akaja, akachota maji kikombe kimoja, akamwaga. Maji yakakaa pale pale. Hayakwenda kulia wala kushoto. Mistri akayatazama, akanitazama.

"Mzuri sana, Vanyonyi," akasema. "Sasa lete bata."

Niliivunja sakafu ile kwa mikono yangu huku mafundi wengine wakilia kama bata kutoka kwenye paa. Mistri alichuchumaa karibu nami akaniambia jambo ambalo sijapata kulisahau: "Maji hapana jua bwana mkubwa, hapana jua boi. Yeye nakwenda chini tu. Veve onyesha yeye njia." Tangu hapo kila sakafu ya bafu niliyolaza imelala kidogo kuelekea kwenye tundu, kidogo tu, mguu usijue lakini maji yajue.

Haya mengine nayaweka hapa msije mkasema mzee alikufa nayo. Loweka kigae kwenye maji mpaka kiache kutoa povu, maana kigae kikavu kinakunywa maji ya simiti, na baada ya mwaka kinakuangukia kwenye kidole. Anza kupanga vigae katikati ya ukuta ukielekea pembeni, ili vile vya kukatwa viende kujificha kwenye kona. Kioo kitazame dirisha, chumba kitaongezeka bila kuongeza tofali. Mlango wa bafu dogo ufunguke nje, kwa sababu mtu akianguka ndani atauziba kwa mwili wake na mtabaki kumwita jina tu. Na rangi nyeupe ya mafuta darini, si ya maji. Baridi ya hapa mnaijua. Mvuke unapanda, unakutana na dari baridi, unarudi kumnyeshea mtu mgongoni akiwa ameshajipangusa.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku niliyomjengea Wafula bafu lake, na hata hivyo nilikosea vibaya kuliko siku ya bata.

Mnapaswa kuelewa wakati ule ulivyokuwa. Uhuru ulikuwa bado unanukia upya. Wazungu wengi walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, na watu wetu walikuwa wananunua kwa vikundi, watu hamsini, mia, wameungana chini ya mwenyekiti mmoja na daftari moja. Mnanunua shamba, mnagawana ekari, halafu mnabaki mmesimama mbele ya nyumba ya mzungu mkijiuliza nani ataingia. Nyumba moja, wanachama mia. Basi wengine waliichukua milango, wengine mabati, wengine madirisha. Mimi wakati huo nilipata kazi nyingi za kung'oa na nyingi za kupachika. Choo cha kuvuta kilichozaliwa Timboroa unakikuta mtaani Huruma kimepata familia nyingine.

Katika kung'oa huko ndipo nilipomkuta Mama Wairimu, mama wa kutoka upande wa Nyeri, aliyekuwa mwanachama wa kikundi kimoja huko karibu na Timboroa. Katika mgawo wao yeye aliangukiwa na hodhi la kuogea, lile la chuma lenye rangi nyeupe ya kung'aa, ambalo mtu analala ndani. Alikuwa ameliweka uani akioshea viazi.

"Mama, hili ni la kuoga," nikamwambia.

"Najua. Niliingia siku moja," akasema, mikono bado kwenye viazi. "Kutoka ikanishinda. Nikaita watoto wanivute. Wewe ukitaka, nijengee tangi ya simiti ya viazi, uende na hii jeneza."

Nikamjengea tangi, nikaondoka na hodhi juu ya lori la mbao. Nilikuwa namjua mtu wa kumpelekea.

Wafula alikuwa karani mjini, mtu wa kwetu upande wa Bungoma, mpole, shati jeupe kila siku. Alikuwa amenunua ploti yenye nyumba ndogo ya mawe pembeni mwa mji, na alikuwa na jambo moja moyoni. Baba yake, Mzee Khaemba, alikuwa ameharibika kiuno. Mzee aliyelima kwa plau ya ng'ombe maisha yake yote alikuwa sasa anatembea ameinama, anashika ukuta. Wafula alimpeleka hospitali ya misheni kule Plateau, na daktari akampa dawa na maagizo: akae ndani ya maji ya moto yamfike kiunoni, asubuhi na mchana, mwezi mzima, kisha arudi aonekane tena. Daktari alisema mzee akifanya hivyo kiuno kinaweza kulegea. Akiacha, ataishia kitandani. Wafula akamrudisha baba yake nyumbani kwanza, ili yeye atayarishe mahali.

"Fundi," Wafula akaniambia, "huko nyumbani hatuna kitu ya kukalia ndani ya maji. Nijengee bafu hapa. Ya maana. Mzee akija mwisho wa mwezi akute iko tayari."

Nilifanya kazi kwa mapenzi. Nililitenga bafu lile upande wa chumba cha kulala, futi sita kwa tano, mlango unatokea chumbani, hivi hivi nilivyoona katika nyumba zote za wazungu nilizofanya na Mistri. Vigae vyeupe mpaka kifuani, mstari mmoja wa kijani juu yake. Hodhi la Mama Wairimu nililisugua kwa majivu na ndimu mpaka likasahau viazi. Mke wa Wafula, Nekesa, mama kijana aliyekuwa na mtoto mmoja mgongoni, alikuja kutazama akaweka mkono mdomoni.

"Fundi, hata naogopa kuingia," akasema. Lakini aliingia, na kwa nini asiingie? Kwa wiki mbili yeye na Wafula walioga humo kama wafalme.

Mzee Khaemba akafika kwa basi siku ya Jumapili. Nilialikwa chai, nipate sifa zangu. Mzee hakulala ndani ya nyumba ya mwanawe, hilo nililitegemea, walikuwa wamemtandikia katika kijumba cha stoo kule nyuma. Alipopumzika, Wafula akamshika mkono amwonyeshe bafu. Mzee akafika sebuleni, akaona mlango wa chumba cha kulala umeachwa wazi, na kule ndani, ng'ambo ya kitanda, vigae vyangu vinang'aa. Akasimama.

Yeye aliongea lugha ya kwetu, mimi nawawekea kwa Kiswahili.

"Nipite wapi?" akauliza.

"Hapo, Baba. Chumbani."

"Nipite kando ya kitanda chenu, nimevaa taulo?"

Mzee akaniangalia mimi.

"Wewe ndiwe uliyejenga?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu na ukoo wangu, sauti ikiwa imeshuka.

"Basi wewe ni mtu wetu," akasema. "Nilidhani ni mgeni, nimsamehe."

Sijui niwaelezeje nyinyi mnaokaa na wakwe zenu mkitazama televisheni kwenye kochi moja. Kwetu baba mkwe na mkamwana wana heshima yao, na heshima hiyo ina mipaka kama shamba. Baba mkwe haingii anapolala mkamwana. Haogi anapooga. Hamwoni akiwa hajajisetiri wala yeye hamwoni. Haya nilinyonya na maziwa. Lakini nilipopima ukuta wa Wafula nilipima kwa kamba ya Mistri na macho ya wazungu, na sikuuliza hata swali moja: nani ataoga hapa, na atapita mbele ya nani? Mwacha mila ni mtumwa, tuliambiwa. Mimi sikuwa hata nimeiacha, niliisahau tu kwenye mfuko wa koti.

Nikasema haraka, "Mzee, nitatoboa mlango mwingine kwa nje. Siku mbili tu."

"Na hilo karai kubwa," akauliza taratibu, "nani ameoga ndani?"

Nekesa, aliyekuwa jikoni akisikiliza, akaweka sinia chini. Tukalisikia.

"Basi," mzee akasema. "Nitarudi nyumbani Jumamosi. Kiuno ni changu, nimezoeana nacho."

Nilitoka nje nikakaa juu ya tofali nilizobakisha. Aibu ina uzito, jamani. Nekesa akanifuata mpaka mlango wa jikoni, macho mekundu.

"Fundi, wewe utaenda nyumbani kwako. Mimi ndio nitasemwa," akaniambia. "Watasema mzee alikuja kutafuta dawa, mkamwana akamfukuza na bafu yake ya kizungu. Akienda alale asiamke, hiyo ni yangu mpaka kaburini. Na mimi nataka kumchemshia hiyo maji! Nani amesema sitaki?"

"Najua, mama."

"Usijue. Fanya kitu."

Nilitazama ukuta wa jikoni, ule wa nyuma, unaotazama kijumba cha stoo. Nikachukua kamba yangu. Kati ya ukuta ule na mfereji palikuwa na futi nne na nusu. Palitosha.

Asubuhi nilimwendea mzee nikamwambia nitamjengea bafu lake peke yake, lililoegemea ukuta wa jikoni, mlango wake unatazama uani upande wa stoo, na hakuna mtu mwingine atakayeoga humo. Akatikisa kichwa.

"Na maji ya moto ataleta nani? Wafula ako kazini mchana. Mkamwana atanibebea maji akifungua mlango?"

Nikamwambia jibu la hilo nitalipata, anipe wiki mbili.

"Nimesema Jumamosi."

Basi nikatumia ujanja, na Mungu anisamehe, ingawa ulikuwa ujanja wa kweli tupu. Hodhi la pili sikuwa nalo na mjini hakukuwa na la kuonekana. Nikajenga la matofali na simiti, na kiti ndani yake cha kukalia, kwa sababu mtu wa kiuno kibovu akilala chini ya maji hatainuka, kama Mama Wairimu alivyonifundisha. Nilipomaliza kulipaka nikamwita mzee.

"Mzee, simiti ni kama mtoto mchanga. Ikikauka haraka inapasuka. Lazima ifunikwe gunia na imwagiwe maji asubuhi na jioni, siku saba. Mimi nina kazi ingine mjini. Wafula haaminiki, ni mtu wa kalamu."

Mzee akalitazama lile hodhi lenye unyevu. Alikuwa mkulima. Kumwambia mkulima kitu kitakufa bila maji ni kumfunga kamba.

"Siku saba tangu lini?" akauliza.

"Tangu leo."

Leo yenyewe ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ikapita mzee akiwa ameinama juu ya magunia na kopo mkononi, akinung'unika kwamba mafundi wa siku hizi ni wavivu.

Wiki hiyo nikamletea kazi nyingine. Nilikuwa na magunia mawili ya vigae vilivyovunjika kutoka kwenye nyumba nilizong'oa, vyeupe, vya bluu, vya kahawia, vichache vya njano. Pesa ya vigae vizima haikuwepo, na katika bafu dogo vipande ni bora, vinazunguka kona bila kukatwa na mguu hautelezi. Mzee alikaa kwenye kigoda mlangoni pa stoo akivichagua kwa rangi. Siku ya tatu nikamkuta ameanza kuvipanga ardhini. Alikuwa ametengeneza fahali. Mwili wa kahawia, pembe nyeupe, uso una baka.

"Huyu alinilimia miaka kumi na mmoja," akasema. "Alikufa kabla ya uhuru. Huku juu kwenu kuna ng'ombe za maziwa tu. Nikikaa humo ndani nataka kuona mtu ninayemjua."

Nikamuuliza nimweke wapi. Hapo nikajifunza jambo ambalo hata Mistri hakuwa nalo. Mzee alinifanya niketi kwenye kile kiti cha simiti, na nguo zangu zote, akaweka kidole ukutani mbele ya macho yangu. "Hapa. Bafu si la kutazamwa na mtu aliyesimama mlangoni. Ni la aliyekaa." Tangu siku ile, vijana, kabla sijachagua rangi wala kioo wala ua la ukutani, nakaa mahali mwenyewe atakapokaa. Nyinyi mnapamba bafu la mgeni anayechungulia. Pambeni la mwenye kuoga.

Lakini swali la maji lilikuwa bado linaninyima usingizi. Jibu lilinijia jikoni kwa Nekesa, nikimtazama anamimina maziwa kwenye chupa kwa mrija. Mrija! Nikatoboa ukuta wa jikoni, juu, kimo cha bega lake. Nikapitisha paipu ya chuma ya inchi mbili, upande wa jikoni nikaweka mdomo mpana wa bati, upande wa bafu ikashukia ndani ya hodhi, tena kwenye miguu na pembeni kabisa, maji ya moto yasimfikie mtu ghafla. Na katikati ya ukuta nikaipinda paipu kiwiko, ili maji yapite na macho yasipite.

Nekesa akaweka jicho kwenye mdomo wa bati. "Sioni kitu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nikamwona anatabasamu. Halafu akauliza, "Na nitajuaje imetosha? Siwezi kumwita mzee akiwa anaoga."

Tukasimama tukifikiri. Yeye ndiye aliyepata dawa. "Agonge na fimbo yake kwa ukuta. Mara moja, naongeza. Mara mbili, imetosha."

Mzee nilimweleza mimi, akakubali. Siku ya kwanza ilikuwa mchana, Wafula ako ofisini. Nilikuwa nimekaa uani najifanya nanoa mwiko. Mzee akaingia, akafunga mlango wake. Jikoni Nekesa alikuwa na sufuria mbili kubwa motoni na mtoto mgongoni. Akainua ya kwanza akamimina. Nilisikia maji yakishuka ndani ya ukuta, kishindo kile cha maji yanayojua njia. Halafu fimbo: ko. Nekesa akamimina tena. Ko. Akamimina. Ko. Akabandika sufuria ya tatu mbio, moshi umemjaa machoni, anacheka na kulia kwa pamoja.

Kisha kimya kirefu. Nikaweka mwiko chini. Nekesa akatokeza kichwa mlangoni, tukatazamana, kila mmoja akiogopa kusema anachofikiri. Na ndipo tukasikia kutoka ndani mzee anaimba. Ulikuwa ule wimbo wa kumwimbia ng'ombe akiwa mbele ya plau, wa kumwambia geuka, tumefika mwisho wa shamba. Aliimba mpaka mwisho wake. Halafu: ko, ko.

Alikaa mwezi mzima. Daktari alipomwona tena alimwambia aendelee, naye akaendelea hata mwezi wa pili. Sitawadanganya kwamba alirudi kijana, lakini aliondoka amenyooka kiasi cha kumtazama mtu machoni. Siku ya kuondoka alisimama uani kwa umbali wa heshima, uso ameuelekeza kwenye uzio wa majani badala ya kumtazama Nekesa, akasema, "Mama, maji yako hayakunichoma hata siku moja." Nekesa alijibu, "Asante, Baba," akakimbilia jikoni. Mimi niliinama nikafunga viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa.

Akawa anakuja kila mwaka baada ya mavuno. Alisema amekuja kuona wajukuu, lakini tulijua amekuja kumwona fahali wake. Alikuja mpaka mwaka ambao hakuja. Mistri naye alishahama na familia yake zamani, akaniachia pima maji yake, ninayo mpaka leo. Wafula alimfuata baba yake. Miji inakua, watu wanaisha.

Nawaandikia haya kwa sababu ya jambo la juzi. Niliitwa na kijana mmoja, Brayo, mjukuu wa Wafula, fundi kama nyinyi. Amepewa nyumba ile aifanye ya kisasa, na akataka ushauri, maana ukuta wa nyuma alishindwa kuuelewa.

"Mzee, hii kachoo ka nyuma nataka kubomoa," akanionyesha. "Nataka jikoni iwe open, tiles kubwa za grey. Lakini kuna paipu hapa haiendi kwa tangi, haiendi kwa sewer. Haina maana. Nani alifanya hii kazi?"

"Fundi fulani," nikasema.

Nikaingia. Mnajua nilivyo, nikafumba macho nikanusa. Pakavu. Miaka yote ile, hakuna tone lililopita nyuma ya kipande hata kimoja. Nikakaa kwenye kiti cha simiti, taratibu, kwa kuwa sasa kiuno kibovu ni changu. Fahali alikuwa mbele ya macho yangu, pembe moja imetoka. Brayo alisimama mlangoni na nyundo yake begani, akainama kufuata macho yangu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona yule fahali, kwa sababu yeye alikuwa akitazama siku zote akiwa amesimama.

"Sasa hii paipu ni ya nini?" akauliza tena. Alikuwa ameshayachomoa matambara yaliyoiziba.

Ningeweza kumweleza. Lakini nilisikia upande wa pili wa ukuta kijiko kinakoroga chai. Nekesa, nyanya yake, yuko bado, ana mvi kichwa kizima, masikio yake mazito, na jikoni hakuachii mtu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nimefika.

Nikainua fimbo yangu nikagonga ukuta mara moja. Ko.

Kijiko kikanyamaza.

Nilidhani ni chai tu imekorogeka. Brayo alifungua mdomo aseme kitu, nikamwashiria anyamaze. Tukasikia miguu mizee ikiburuta kandambili kwenye sakafu. Tukasikia kifuniko cha birika. Halafu ndani ya ukuta, kupitia kiwiko nilichokipinda kwa mikono hii, maji yakashuka, ya moto, yanatoa mvuke, yakamwagika kwenye hodhi lililokauka miaka mingi, yakafuata mteremko wake yakaenda kwenye tundu bila kuuliza njia.

Brayo akaishusha nyundo kutoka begani, akaiegemeza nje ya mlango.

Sikutaka kumchosha mama wa watu na birika zito. Nikagonga mara mbili.